Namba ya Siri na Mtoto wa Sita wa Paulina

Waliokuwepo siku ile nawataja kwanza, asije mtu akasema nimetunga. Alikuwepo mwanangu Kaspari, mwenye nyumba ninamoishi hapa Izia, mjini Sumbawanga, na mkewe Edita, mkamwana wangu. Alikuwepo binti yao mkubwa Skolastika, ambaye ndiye tulikusanyika kwa ajili yake, na mdogo wake Jenista wa darasa la pili, mtoto ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na kitasa. Kwa upande wa wageni kutoka Msanzi alikuwepo Mzee Bonifasi, mshenga, na Paulina, mama wa kijana anayetaka kuoa, ambaye zamani alikuwa jirani yangu hapahapa Izia kabla mumewe (Mungu amrehemu) hajapata shamba huko na kuwahamisha wote kwa lori. Na nilikuwepo mimi, Perpetua, bibi wa miaka sabini na minne, shule niliishia darasa la tatu, lakini aibu niliyoifanya siku ile hata mwenye digrii haiwezi.

Sasa sikilizeni. Kaspari alileta televisheni ile pana inayoshika intaneti, unachagua mwenyewe filamu unayotaka, saa unayotaka, na humo ndani ndimo nilimokutana na tamthilia yangu (jina silitaji, mtaanza kuitafuta) ya nchi ya mbali huko, ila wameiwekea sauti za Kiswahili, kuna bwana mmoja mzuri alianguka na farasi akazimia, na mchumba wake anamlilia kila siku. Nilikuwa naitazama na Jenista baada ya shule, mimi nachambua maharage, yeye anakula karanga, tunalia wote wawili. Mpaka siku ambayo rafiki yake darasani alimwambia leo sikai na wewe, na Jenista akasimama juu ya dawati, mkono kifuani, akamjibu: "Moyo wangu si stendi, kila mtu ashuke anapotaka!" Mwalimu akamwita Edita.

Edita akarudi kutoka shuleni. Alikaa na ile televisheni nusu saa nzima, akaigawa. Kuna upande wa wakubwa, umefungwa kwa namba nne za siri, na kuna upande wa watoto, una picha ya sungura mwenye miwani, na chini ya yule sungura akaandika BIBI NA JENI. Nikamuuliza, "Mwanangu, na mimi ni mtoto?" Akasema, "Hapana Mama, lakini wewe na Jeni mnatazama pamoja." Hata mumewe hakumpa hizo namba, maana naye ana filamu zake za ngumi na mateke.

Mimi nikafanya nini? Nikajisifu. Kwenye jumuiya nikasimama nikasema nyumba yetu televisheni imefungwa, watoto hawaoni upuuzi, hata mimi mwenyewe siwezi kuifungua wala sitaki. Wenzangu wakapiga makofi. Habari zikatembea mpaka Msanzi, na baadaye Mzee Bonifasi alikuja kutuambia kwamba Paulina aliposikia kijana wake anamtaka Skolastika, neno la kwanza alilosema ni, "Kama amelelewa na Mama Kaspari, nitakwenda mwenyewe kwa miguu." Mnaona mzigo niliojitwisha.

Lakini ukweli ni kwamba ndani ya wiki moja nilikuwa nimeshazipata zile namba. Edita akifungua, namba zinawaka moja moja kwenye kioo, na mimi nimekaa palepale na maharage yangu. Tatizo ni kwamba namba kichwani mwangu hazikai, hukaa majina tu. Basi nikazivalisha majina ya wanawake ninaowafahamu. Saba ni Sabina, ana watoto saba. Mbili ni Kornelia, ana wawili. Moja ni Katarina, ana mmoja tu yule fundi baiskeli. Tano ni Paulina, ana watano. Sabina, Kornelia, Katarina, Paulina, mlango unafunguka. Lazima niyatamke, nikinyamaza vidole vinapotea. Kila mchana nyumba ikiwa tupu naita wanawake wanne, bwana wa farasi anakuja.

Siku ya posa wageni walisema wangefika saa tisa. Saa nane kasoro Edita na Skolastika wako jikoni na ugali wa ulezi na jogoo, Kaspari anafagia uwanja kwa mara ya tatu, Jenista ametumwa chumvi, na mimi nimekaa sebuleni nimevaa kitenge kipya, upepo wa Julai unapenya mlangoni, sina kazi. Nikasema kidogo tu. Nione tu kama amezinduka, halafu narudi kwa sungura.

Amezinduka! Kafumbua macho, mchumba kamwinamia, midomo inakaribiana, na hapohapo umeme ukakatika. Kabla sijamaliza kuwalaani watu wa umeme nikasikia honi nje, kumbe dereva wa wageni alikanyaga mafuta kutoka Msanzi, wamewahi saa nzima, hodi hodi.

Sheria ya nyumba ile ni kwamba umeme ukikatika unazima swichi ukutani, kwa sababu kitufe cha kuzimia kwenye rimoti Jenista alikitafuna akiwa na miaka minne, na umeme ukirudi televisheni hujiwasha yenyewe. Soketi iko nyuma ya kochi kubwa. Nikalitazama kochi, nikayatazama magoti yangu, nikasema, aa, umeme wa Sumbawanga huu, utarudi leo? Nikaichomeka rimoti kwenye mkunjo wa kitenge, nikaenda kupokea wageni.

Tukasalimiana kwa kuinama na kupiga makofi taratibu kama tulivyolelewa, Paulina ananiita Mama Kaspari, namwita Mama Agustino, tunacheka, machozi yanatutoka. Edita akamkalisha mahali pa heshima, kwenye kochi kubwa, mgongo umeegemea palepale penye swichi. Mimi nilivyofundishwa na mama mkwe wangu, mgeni wa posa akishakaa hainuliwi mpaka ajibiwe, ukimwinua umemfukuza.

Mzee Bonifasi akakohoa, akasimama. "Wazee wangu, sisi tumepita njiani, tumeona shamba lenu la ulezi limestawi. Hatukutaka kuingia kama ndege. Tumekuja kubisha hodi, tuombe mbegu..."

Tii! Televisheni ikawaka.

Mimi nilidhani itaanza na yule sungura. Haikuanza na sungura. Ikaleta sura mbili kubwa kama ungo, midomo inatafutana, na katikati kiboksi kinachosema hii ni ya watu wazima, weka namba ya siri. Na wakati inasubiri namba, jamani, inarudia kipande kilekile, kama inayokutamanisha. "Moyo wangu si stendi!" halafu busu. "Moyo wangu si stendi!" halafu busu. Mbele ya wakwe! Kaspari ambaye hawezi hata kumtazama Paulina usoni kwa heshima ya ukwe, yuko hapo anatazama busu pamoja naye!

Mzee Bonifasi akajaribu kuendelea kwa sauti ya juu. "Tuombe mbegu..." Stendi, busu. "Mbegu, nasema..." Stendi, busu. Akakaa.

Kaspari akanyanyuka kwenda kwenye swichi, akafika mbele ya Paulina, akaganda mkono hewani. Apitishe vipi mkono nyuma ya bega la mkwe wake? Akarudi. Skolastika, aliyekuwa anachungulia kwenye pazia la chumbani, nikamwona anajifunika uso kwa ncha ya khanga. Pale ndipo nilipoogopa kweli. Nikasema Perpetua, umemharibia mtoto wa watu posa kwa ajili ya bwana wa farasi.

Basi nikaichomoa rimoti kiunoni.

"Bibi!" akapiga kelele Jenista, aliyekuwa amesharudi na chumvi yake. "Rimoti unayo wewe!"

"Nyamaza, nimeiokota."

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: niweke namba, lile boksi liondoke, halafu nirudi nyuma nimtafute sungura. Watu wote wananitazama, na namba hazinijii bila majina, basi nikayataja, tena kwa sauti, kama ninaita mahudhurio. "Sabina saba. Kornelia wawili. Katarina mmoja. Paulina watano."

Mlango ukafunguka. Lakini mimi sikufikiri jambo moja, kwamba ukiipa namba inakuwekea filamu nzima. Sauti ikapanda, muziki ukaanza, na lile busu ambalo kwanza lilikuwa kipande sasa likaja zima, refu, halina haraka.

Edita alikuwa mlangoni na sinia la maji ya kunawa. "Mama," akasema polepole. "Umezijua lini?"

Kabla sijapata uongo, Paulina akainua kidole. "Subiri kwanza, Mama Skolastika. Mama Kaspari, umesema Paulina watano. Paulina gani?"

Nikasema, "Si wewe?"

"Mimi ninao sita."

"Agustino, Veneranda, Klaudi, Batista, Maria Goreti," nikahesabu vidoleni. "Watano. Mlipanda lori nao, nikawashika mmoja mmoja."

"Na tumboni ndani ya lori alikuwemo nani?"

Ndugu zangu, nilitamani sakafu ipasuke. Wa sita ni Izidori. Izidori ndiye bwana harusi. Wamekuja kuposa kwa ajili ya mtoto ambaye mimi, ninayejulikana mji mzima kwa kutosahau jina, sijawahi kumhesabu! Nimeambiwa jina lake mwezi mzima, nimeona hadi picha yake, lakini kwenye namba Paulina wangu alibaki juu ya lori na watano wake.

Paulina alikuwa ananitazama, sura yake haisomeki, na nikajua posa iko pale kwenye ile sura.

Ndipo Mzee Bonifasi, macho yako kwenye kioo, akauliza taratibu, "Kwani huyu bwana amezinduka lini?"

Wote tukamgeukia.

"Kwangu bado amezimia," akasema.

Paulina akapasuka. Alicheka akapiga paja, akacheka akaegemea nyuma, na bega lake likabonyeza swichi, televisheni ikazimika yenyewe, na hapo tukacheka zaidi. "Mshenga!" anasema huku anafuta machozi. "Mshenga na wewe! Nami nilidhani nimekuja kwenye nyumba ya watawa, nitakaa nikiogopa kukohoa. Kumbe ni watu!" Akanigeukia. "Lakini faini utatoa, Mama Kaspari. Umemsahau mtoto wangu."

"Jogoo," nikasema. "Yule mwekundu wa mbegu."

"Na umtaje."

Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikamtaja Izidori mara sita, moja kwa kila mtoto wa Paulina. Skolastika akaitwa, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa, na yeye (bado amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yanamcheza kwa kicheko) akasema, "Nawafahamu. Wote sita na mama yao." Mzee Bonifasi akasimama kumalizia hotuba yake. "Basi wazee, kijana wetu siyo wa stendi. Hapa amekuja kushuka na mizigo yake yote."

Edita amebadilisha namba. Siku hizi ananiambia nigeukie ukutani kwanza, nami nageuka, na nimeapa mbele ya jumuiya (nilisimama tena, safari hii hakuna aliyepiga makofi, walicheka tu) kwamba sitajisifia kufuli ambalo funguo zake ninazo. Alasiri natazama sungura na Jenista. Sungura naye ana mambo yake, siyo mbaya.

Nimewataja wote kadiri ninavyokumbuka, lakini baada ya siku ile siziamini tena hesabu zangu. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama jina nimelikosea, au idadi ya watoto wa Sabina, wa Kornelia au wa Katarina imeshaongezeka, njoo hapa Izia unisahihishe, nitakukaribisha chai. Ila njoo mapema. Usisubiri siku ya posa.