Tangi Kubwa Kuliko la Mdogo Wangu

Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Karungu miaka yote ya utoto wetu, na kwake samaki alikuwa kitu cha kuanikwa, kupimwa kwa mkebe wa gorogoro na kuliwa. Siku alipoliona tangi langu la kioo kwa mara ya kwanza, hapa sebuleni kwangu Migori, aliniuliza nawapika lini. Nikamweleza kwamba hawa ni samaki wa baharini, wa kutazamwa tu, na kwamba maji yao nayatia chumvi mwenyewe.

"Chumvi tunamtia samaki akishakufa," alisema, akacheka, akairudia chai yake.

Sikuudhika. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na tangi lile la lita sitini lilikuwa fahari yangu. Ndani walikuwamo samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, jike na dume, na matumbawe matano yaliyofunguka juu ya mawe kama maua. Mfanyabiashara mmoja mjini, mtu wa Mombasa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyeniagizia kwa wafugaji wa kwao.

Mdogo wangu wa kike alipokuja kunitembelea kutoka Homa Bay, alikaa mbele ya tangi hilo mpaka ugali ukapoa. Nilimfundisha yote niliyoyajua, jinsi ya kupima chumvi, kuosha kichujio na kuwasha taa kwa saa maalumu. Nilifurahi kuwa na mwanafunzi nyumbani. Miaka miwili baadaye alikuwa na tangi la lita mia tatu kwenye mapokezi ya nyumba yake ya wageni, na wageni walikuwa wakipiga picha mbele yake. Nilimpongeza kwa simu, kisha nikaliangalia la kwangu. Lilionekana kama sufuria.

Ningeweza kuyavumilia hayo. Lakini Mama alipopasuliwa jicho, na ikabidi akae na mmoja wetu hadi apone, alichagua Homa Bay. Mimi ndiye binti mkubwa. Nilikuwa nimeshamnunulia godoro jipya.

"Samaki wa huku wananijua," aliniambia kwenye simu wiki ya pili. "Nikikaa tu, wanakuja kwenye kioo."

Yule yule aliyeniuliza nawapika lini! Nilimwambia nimefurahi.

Jumapili nikaenda kumwona. Mdogo wangu alipoingia jikoni kuangalia chakula cha wageni, na Mama akawa amesinzia kitini, nilinyanyuka nikalipima lile tangi kwa shibiri, haraka haraka, kama mwizi. Saba kwa urefu. Kesho yake nikaenda kwa fundi wa vioo mjini nikamwambia nataka la shibiri nane.

"Shibiri ya nani, mwalimu?" aliuliza. "Yangu au yako?"

"Iliyo kubwa," nikamjibu.

Tangi lilipokamilika, Mama alikuwa amekubali kuja kukaa kwangu wiki nzima, kuanzia Jumapili. Nilijua vizuri kwamba tangi jipya huachwa na maji yake kwa wiki kadhaa kabla ya kuingiza kiumbe chochote. Nilijua pia kwamba mchanga wa zamani lazima uoshwe, maana una uchafu wa miaka. Darasani ningemfokea mtoto ambaye angefanya nilichofanya mimi. Ijumaa mchana nilichanganya maji mapya, nikamwaga mchanga ule ule bila kuuosha, nikapanga mawe, nikawatia samaki. Nilitaka Mama akifika aone vitu vikiogelea.

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa kama uji. Matumbawe yote yalikuwa yamejifunga. Jike alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, amekufa, na dume alikuwa juu kabisa akihema kwa shida. Niliuzunguka mji mzima akilini nikitafuta mtu wa kumuuliza. Hakukuwa na mwingine. Nilimpigia mdogo wangu, huku nikiomba asipokee.

Alipokea akiwa kanisani kwao, kwa Wasabato. Alitoka nje, akanisikiliza, akasema neno moja tu: "Nakuja."

Alifika mchana na gari la kukodi, bado amevaa nguo za Sabato, na mitungi sita ya maji aliyoyachota kwenye tangi lake mwenyewe, maji yaliyokwisha kukomaa. Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele.

"Mama, na Sabato?" nilimuuliza.

"Hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hutolewa," alisema, akaingia ndani akitafuta kiti.

Mdogo wangu alipiga magoti. Alimhamisha dume kwenye ndoo ya maji safi, akatoa mchanga wote kwa kikombe, akasuuza jiwe moja moja na kulirudisha, akamimina maji aliyokuja nayo, kisha akamrudisha dume. Hakunilaumu hata kidogo. Nilimsubiri akosee kitu, walau amwage maji sakafuni, nimwambie aangalie. Hakumwaga.

Mama aliinamia kioo na jicho lake zima. "Mwenzake yuko wapi?"

"Amejificha, Mama," mdogo wangu akawahi kujibu. "Nyumba ni mpya."

Uongo ule wa kunisitiri uliniuma kuliko lawama. Hata kwa wema alikuwa amenizidi.

"Jike amekufa," nikasema. "Nimemuua kwa haraka yangu. Nilitaka uje kwangu, uwaone hapa."

Mama alinigeukia taratibu. "Nyathina, mwanangu, wewe unatoka hapa alfajiri kwenda shule. Ningebaki na kuta, na jicho moja. Kule kuna watu mchana kutwa. Wakiwa na kazi zao, ndiyo nakaa na samaki."

Alikaa ile wiki yake moja, akarudi Homa Bay, na wivu wangu ukabaki pale pale, ila sasa nilijua si wa lita. Dume alipona. Maji yalichukua miezi miwili kutulia, na matumbawe matatu kati ya matano yakafunguka tena.

Jioni ile ya Sabato mdogo wangu alikuwa amelowa hadi kiunoni. Nikampa gauni langu la kijani, lile la sherehe, kwa sababu ndilo lililokuwa limepigwa pasi. Mama akalisifu. Kweli lilimkaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi, na nilipomsindikiza hadi kwenye gari sikumwambia alirudishe, wala sikumwambia abaki nalo.