Maji Machanga

Jirani yangu alikuja juzi kuazima ungo, akasimama katikati ya sebule akilitazama tangi langu la kioo. Ndani mna mchanga, mawe matatu, majani marefu ya kijani yaliyoanza kushika mizizi, na maji. Akainama, akachungulia nyuma ya mawe.

"Mama Nesi, mbona samaki siwaoni?"

"Hawajaja," nikamwambia. "Maji bado machanga."

Akachukua ungo akaenda. Mimi nikabaki nimesimama pale pale, maana maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mwalimu mmoja wa sayansi, na sikumbuki kama nimewahi kuyatamka tangu nikiwa na miaka tisa.

Tangi aliniletea binti yangu mwezi niliostaafu unesi. Alilipakata kwenye basi kutoka Dodoma hadi hapa Mbinga, limeviringishwa blanketi, akalipanga, akapanda majani, akaniagiza nisitie samaki mpaka mwezi upite, halafu akarudi kazini kwake. Nyumba ina vyumba vinne na mimi. Basi jioni hukaa mbele ya maji yasiyo na kitu, na sioni vibaya, kwa sababu kazi hiyo nilikwisha kuifanya zamani.

Mimi ni mtoto wa Litembo, wa kule juu kwenye baridi na kahawa. Mwaka ule mama alilazwa, na ugonjwa ukawa wa muda mrefu. Baba hakuweza shamba, hospitali na mimi kwa pamoja, akanipandisha kwenye lori lililokuwa linateremka ziwani, nikakae kwa bibi mzaa mama. Bibi alikuwa mwanamke wa Nyasa na mama alizaliwa huko, lakini nyumbani kwetu tulizungumza Kimatengo cha baba tu. Nilifika kwenye kijiji ambako mchanga ulichoma nyayo, usipa, dagaa wa kule, walianikwa mpaka mlangoni pa kanisa, na watoto walicheza kwa lugha ambayo sikuielewa hata neno. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, cha kusema "mimi ni mwanafunzi."

Bibi alinipenda kwa mikono. Alinipaka mafuta, alinichambulia miiba ya samaki aina ya mbasa, alinipa sehemu laini ya ugali wa muhogo. Ila maneno yetu yaliishia kwenye "njoo," "kula" na "lala." Asubuhi nilichota maji ziwani, nikafagia uwanja, nikageuza usipa juani, nikaenda shule, nikarudi. Zilipita siku nzima ambazo sauti yangu niliisikia mara moja tu, nikimwamkia mtu mzima shikamoo njiani.

Shuleni mwalimu wa sayansi alikuwa ametengeneza tangi. Vioo vilikuwa vimebaki walipotia madirisha ya kanisa, yeye akaviomba, akaviunga kwa fremu ya chuma na gundi ya mafundi, akaliweka juu ya meza karibu na dirisha la darasa letu. Alilijaza maji siku ya Jumatatu. Jumanne wavulana wakaleta samaki kumi na wawili aina ya mbuna kutoka kwenye majabali, wa buluu na wa njano, wadogo kama kidole. Darasa zima lilisukumana. Mimi nilisubiri watoke nje kucheza, ndipo nikasogea.

Wale samaki walinijia. Nilipoweka uso kwenye kioo walikusanyika wote upande wangu, midomo ikifunguka na kufungika, na mimi, ambaye hakuna aliyenijia tangu nishuke kwenye lori, nikatoa kipande cha ugali mfukoni nikawamegea. Walikipigania. Siku ya pili nikaleta ugali na usipa. Nilikuwa nawalisha kila nilipomkumbuka mama, na mama nilikuwa namkumbuka kila kengele ilipogongwa. Siku ya tatu maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Jioni yake samaki walikuwa juu kabisa, wanahema. Ijumaa tulipoingia darasani walikuwa wanaelea, wote.

Mwalimu aliingiza mkono majini, akatoa mabaki ya ugali yaliyovimba kama pamba. Hakupandisha sauti.

"Nani alikuwa anawalisha?"

Macho yakamgeukia mvulana mmoja mtundu aliyekaa nyuma, aliyelaumiwa kwa kila kitu, na mwalimu naye akaanza kumtazama. Yule mvulana akasimama, tayari kwa fimbo, kama aliyezoea. Nikasimama na mimi. Nilitaka kusema, na Kiswahili chote kikanitoka. Nilichosema nilikisema kwa Kimatengo, machozi yananitiririka, na watoto wakaanza kucheka, kwa sababu hawakuelewa.

Msichana aliyekaa dawati la mbele ndiye pekee ambaye hakucheka. Baba yake alikuwa Mmatengo aliyeshuka kuvua akaoa huko. Akageuka kwa mwalimu.

"Anasema ni yeye," akasema. "Anasema aliona wana njaa. Anasema mama yake yuko hospitali."

Mwalimu alimwambia yule mvulana akae. Mimi akanisogelea, akaongea taratibu ili nimfuate.

"Ugali umewaua, ndiyo. Lakini kosa la kwanza ni langu. Niliwatia wengi mno kwenye maji machanga."

Tulilisafisha tangi siku ile ile, mwalimu, mimi na yule msichana. Tukaenda mlangoni mwa mto, maji yanapotulia, tukang'oa majani marefu membamba kama utepe pamoja na mizizi yake. Tukabeba mchanga wa ziwani na mawe yenye ukungu wa kijani. Mwalimu alitukataza kuyasugua. Alitueleza kwamba kwenye ule utelezi mna vijidudu wasioonekana ambao kazi yao ni kula uchafu wa samaki, na kwamba lazima wazaliane kwanza, ndipo samaki waje. Akadondosha usipa mmoja mkavu majini. "Hiki ndicho chakula chao. Sasa tunangoja."

Kulitunza akanikabidhi mimi. Nilitoa maji kikombe kwa kikombe, nikaongeza mengine ya ziwani, nikang'oa majani yaliyooza, nikasimika upya yaliyong'oka. Wenzangu waliniita mlinzi wa maji. Yule msichana alikuja kusimama nami, kwanza mara moja moja, baadaye kila siku. Tuliongea Kimatengo chake kilichovunjika, naye akanipa Kinyasa neno kwa neno, jiwe, jani, konokono. Maji yalichafuka, yakanuka kidogo, na asubuhi moja tukayakuta maangavu mpaka ungehisi hayapo. Mwalimu akachungulia, akatikisa kichwa kukubali. Akaleta mbuna wawili tu, ndani ya sufuria, akaiweka sufuria majini ikaelea, akatuachia tuchanganye maji kidogo kidogo mpaka walipotoka wenyewe wakaingia kati ya mawe. Hatukupiga kelele. Msichana alinishika mkono akanibana vidole mpaka vikauma.

Wiki ile niliwalisha punje chache, nikakaa nao tu.

Baba alikuja kabla ya mwezi ule kwisha, amevaa koti la mlimani jasho likimtoka. Mama alikuwa amepona na alikuwa ananiulizia. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Lori lilikuwa linaondoka alasiri ile ile, na ilikuwa Jumamosi, shule imefungwa. Nilikimbia nyumbani kwa yule msichana, nikaambiwa wamekwenda shambani ng'ambo ya mto. Nikamwachia bibi ujumbe wa kumpa, kwa Kinyasa, na kwa mara ya kwanza bibi akanijibu sentensi nzima na mimi nikaielewa. Aliniambia nirudi likizo.

Sikurudi. Mama alikuwa dhaifu, kazi za nyumba zikawa zangu, ikaja sekondari, unesi, ndoa, ujane. Bibi alizikwa mimi nikiwa masomoni.

Nilishuka ziwani mwaka huu, Juni, kufuata mchanga wa kuongezea kwenye tangi, au niseme hicho ndicho kisingizio nilichompa binti yangu. Siku hizi barabara ni lami, hufiki na vumbi hata kidogo. Shule ina majengo mapya na walimu ambao wazazi wao walikuwa hawajaoana nilipoondoka. Mwalimu wa sayansi alihamishwa, kisha akafariki, hakuna aliyejua wapi. Uwanja wa bibi umejengwa duka la vipuri. Nyumba ya yule msichana niliikuta, na mlangoni alikaa mwanamke anachambua usipa. Alikuwa mdogo wake, aliyezaliwa baada ya mimi kuondoka.

Nilimtajia jina la dada yake. Akaacha kuchambua.

"Dada alitutoka kwa uzazi," akasema. "Mtoto wake wa pili. Ni zamani sana."

Nilijaribu kumpa pole kwa Kinyasa. Niliyatafuta maneno, nikapata jiwe, nikapata jani, nikapata konokono. Nikampa pole kwa Kiswahili. Alinisogezea kigoda, akaniuliza kwa upole, kama tunavyowauliza wageni wa msiba wanaochelewa:

"Mlifahamiana vipi, mama?"

Nilitaka kumweleza. Lakini mwalimu hayupo, bibi hayupo, yule mvulana wa nyuma sijui yuko wapi, na hapakuwa na mtu wa kunisaidia kuunga maneno pale yatakaponikatika.

"Tulisoma wote," nikasema. "Muda mfupi."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na usipa wake. Nikakaa pale kigodani nikamsaidia kuchambua mpaka gari la kupandisha Mbinga lilipopiga honi.