Mke wangu alitoka maziwa bila mimba, nikamhukumu kwa akili ya soko la mbuzi

Wakuu, salamu kutoka Huruma, Nairobi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mke wangu ameniruhusu niandike, mradi nimwite Mwende.

Mimi nauza mbuzi soko la Kiamaiko, mwaka wa kumi na moja sasa. Nikishika kiwele nakwambia huyu amezaa ama bado. Wateja wananiamini, na mimi nilijiamini kupita kiasi.

Tulikaa miaka mitatu bila mtoto. Hedhi ya Mwende ilikuwa imepotea miezi kadhaa, tukasema ni mawazo.

Jioni moja akikunja nguo, nikaona blauzi yake imelowa kifuani. Maziwa.

Sikuuliza mara mbili. Nilimwambia ana mtoto amemficha kwao Kitui. Halafu, kwa ujinga wangu, nikampigia mama mkwe simu nikamwambia binti yake ni mwongo.

Mwende hakulia. Alisema, "Kioko, sijawahi zaa. Kesho tunaenda hosi, na hiyo maneno utairudia mbele ya daktari. Akisema nimezaa, nabeba vitu zangu naenda."

Nilienda nikijua nimeshinda kesi.

Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho, hadi habari za viwele vya mbuzi wangu. Akapima damu, baadaye akaagiza picha ya kichwa. Kumbe kuna homoni inaitwa prolaktini, hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Ya Mwende ilikuwa juu sana kwa sababu ya uvimbe mdogo kwenye hiyo tezi, na si saratani. Ikizidi hivyo, maziwa yanaweza kutoka bila mimba, na mayai yanaacha kupevuka.

"Hata mbuzi, wako wenye hutoa maziwa na hawajazaa," akaniambia. "Uliza wazee wa soko."

Niliuliza. Ni kweli. Niliona aibu hadi nikafunga kazi mapema.

Mwende akaanza vidonge vya kushusha hiyo homoni. Hedhi ikarudi, na kabla ya mwaka kuisha akashika mimba. Mimi, kwa uoga, nilitaka aendelee kuvimeza. Akanikatalia, kwa sababu daktari alikuwa amemwambia aache.

Daktari alieleza kuwa kwenye mimba prolaktini hupanda yenyewe na ina kazi. Inatayarisha maziwa, na pamoja na homoni nyingine inasaidia kinga ya mama imvumilie mtoto, maana nusu ya mtoto imetoka kwa mtu mwingine.

Mwili wake ulikuwa umeipokea nusu yangu bila ugomvi, na mimi nilishindwa kumwamini hata usiku mmoja.

Mama mkwe nilimwendea Kitui na mbuzi wawili. Alinisamehe siku ya pili.

Binti yetu ana miezi mitano, ananyonya hadi anasinzia. Mwende sasa ndiye anayeulizwa mambo haya na wanawake wa ploti tunayopanga, na wawili ameshawasindikiza kwa daktari. Najivunia huyu mwanamke mpaka nasumbua watu sokoni.

Funzo langu ni fupi: mwili wa mkeo ukikushangaza, mpeleke apimwe kabla hujafungua mdomo.

Kuna mwanaume mwingine humu alimhukumu mkewe kabla ya vipimo? Andika hapa chini. Mimi nimeshaanza.