Mjomba Nzau na Futi Thelathini

Mjomba wangu Nzau alikuwa mchimba vyoo, na nasema hivyo bila kuinamisha uso. Wapo watu ambao wakiulizwa mjomba wao alifanya kazi gani hujibu "alikuwa fundi," kisha wanabadilisha mazungumzo haraka. Mimi sina haya hiyo. Kila mtu Thika alihitaji choo, na aliyeshuka chini na sururu ili wengine wakae juu kwa raha zao alikuwa ndugu ya mama yangu.

Alizaliwa Gatuanyaga, kule mashariki ya Thika ambako vumbi linaingia mpaka kwenye uji. Kuchimba alijifunza kwa kutafuta maji, kwa sababu kwao maji hayakupatikana bila jasho. Alipokuwa mtu mzima akahamia mjini Thika, akapanga chumba mtaa wa Majengo, akanunua baiskeli. Alikuwa mfupi mwenye mabega mapana, mbishi kwa mambo madogo na mpole kwa makubwa. Angeweza kugombana nusu saa nzima na muuza chai juu ya kijiko cha sukari, lakini akimwona mtu mwenye kofia ya serikali alivua yake kabla hata hajasalimiwa. Nilimpenda sana, na tabia hiyo iliniudhi sana.

Kazini alikuwa na mtindo wake. Kila akishuka futi tatu alipandisha konzi moja ya udongo na kuiweka kando ya shimo, moja baada ya nyingine kwa mstari. Mwenye nyumba akija, mjomba alimtembeza kwenye ule mstari: hapa udongo mwekundu, hapa changarawe, hapa ndipo unyevu unapoanza. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kuzigusa konzi zile.

Mwaka wa 1955, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, tulikuwa tumeondolewa kwenye shamba letu na kuingizwa katika kijiji kipya karibu na Ruiru, nyumba zimebanana kwenye mteremko. Baba yangu, Ndung'u, alikuwa kizuizini. Mama, ambaye jina lake ni Ndila, alibaki na mimi, Wamboi, niliyekuwa na miaka tisa, na ndugu yangu mchanga, Mbaluka, aliyepewa jina la babu yetu mzaa mama. Chini ya mteremko kulikuwa na kisima. Kijiji kizima kilikunywa maji ya hapo.

Ndipo akaja bwana afya. Aliitwa Jeconia, kijana nadhifu mwenye kofia ya serikali na kaptura iliyopigwa pasi, na mkononi alikuwa na karatasi. Karatasi ilisema kila nyumba ichimbe choo cha futi thelathini, kwa sababu nzi hawapendi shimo refu lenye giza, na nzi ndio waliokuwa wakieneza ugonjwa wa tumbo. Wanaume wa kuchimba walikuwa wachache, wengi wao wamefungwa kama baba. Mjomba akapewa kibali cha kuingia kijijini, akaja na baiskeli yake na sururu.

Shimo la kwanza lilipofika futi kumi na saba, alipanda juu na konzi ya udongo wa kijivu. Aliukamua mbele ya Jeconia, maji yakadondoka.

"Bwana afya, hii mchanga iko na maji. Naona tumegusa njia ya kile kisima. Tukishuka mpaka thelathini, watu watakunywa choo yao wenyewe."

Jeconia hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole, "Mzee, wewe umesoma mpaka darasa gani?"

"Sijasoma, bwana."

"Hii karatasi imeandikwa na madaktari. Sasa mimi niwaandikie niseme Nzau amekataa?"

Mjomba aliutazama udongo mkononi, akaitazama kofia ya Jeconia. "Hapana, bwana," akasema, akarudi shimoni.

Alichimba mashimo thelathini na tisa katika mteremko ule, na yote aliyafikisha futi zake thelathini. Jioni ya siku ile ya udongo wa kijivu alipitia kwetu, akamwambia mama achemshe maji ya kunywa. Hakusema kwa nini. Mama alichemsha alipoweza, lakini tulikuwa tunaruhusiwa kutoka kuokota kuni saa moja tu kwa siku, na kuni za saa moja ziliivisha chakula zikaisha.

Mvua kubwa ya 1956 iliponyesha, maji ya kisima yalianza kunuka. Watu wakaugua tumbo, nyumba hii, nyumba ile. Mbaluka alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia stuli. Aliugua siku tatu. Siku ya nne asubuhi mama alimfunga kwa shuka yake ya kanisani, na mjomba ndiye aliyechimba kaburi. Hakuweka konzi zozote kando.

Halafu, mwaka wa 1957, Jeconia akarudi na karatasi nyingine. Tuliitwa barazani. Akasoma kwamba vyoo vyote vilivyo kwenye mteremko juu ya kisima vifukiwe, na vipya vichimbwe futi kumi na mbili kamili, si zaidi wala si pungufu, kwa sababu imeonekana kwamba mashimo marefu yanaharibu maji. Alisoma kwa sauti ileile aliyosomea ya kwanza. Hilo ndilo lililonichoma, ile sauti kutobadilika hata kidogo.

Watu walicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Bibi mmoja jirani yetu, Magdalene, akasimama akitikisa kidole. "Jana thelathini, leo kumi na mbili! Kesho mtatuambia tupande juu ya miti? Mimi sichimbi tena. Hiyo karatasi muwapelekee hao nzi."

Jeconia aliona baraza linamponyoka. Akamgeukia mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma na baiskeli yake. "Mzee Nzau, wewe wanakusikia. Waambie."

Mjomba akaja mbele. Nilimwona akinyoosha mabega, na kwa kweli nilimwonea fahari. "Hii karatasi ya sasa inasema ukweli," akasema. "Mimi niliona hayo maji zamani, kwa shimo ya kwanza kabisa. Futi kumi na saba. Nilikamua mchanga kwa hii mkono yangu."

"Uliona?" Alikuwa mama. Hakupaza sauti. Alikuwa ameketi chini na wanawake wengine, na akaendelea kuketi.

"Niliona, Ndila."

"Na ukaendelea kuchimba."

Mjomba alivua kofia yake, na safari hii hakuwa anamvulia mtu wa serikali. "Nilimwambia bwana afya mara moja. Akaniuliza masomo. Nikaogopa."

Jeconia alitazama viatu vyake. Mama alimwangalia kaka yake, na mimi niliogopa kwamba hatamsemesha tena maishani. Mwishowe akainuka na kukung'uta nguo yake.

"Kesho njoo," akamwambia. "Uanze na ya kwangu."

Alikuja kabla jua halijapanda. Mama alisimama kwenye mdomo wa shimo tangu sururu ya kwanza, akivuta ndoo mwenyewe. Saa tisa Jeconia alipofika na utepe wake wa kupimia, mjomba alikuwa ameshatoka, ameketi kando, miguu ikining'inia ndani.

Jeconia akapima. "Hii ni kumi. Bado futi mbili, mzee."

"Sishuki."

"Karatasi inasema kumi na mbili kamili."

"Karatasi haijaingia hapa ndani. Hapa maji iko juu kuliko ile shimo ya kwanza. Shika." Akamtilia udongo kiganjani, akamfunga vidole kwa mkono wake mwenyewe na kukamua. Maji yakamtiririkia Jeconia mpaka kwenye kiwiko. Mjomba hakuinuka pale alipoketi. "Ukitaka niondolewe kibali, niondoe. Hapa mimi sishuki tena."

Jeconia hakumuuliza masomo. Alifuta mkono kwenye kaptura yake, akafungua fomu yake ya ukaguzi. "Nikiandika kumi," akasema polepole, "hapa chini wanataka jina ya mtu ameruhusu. Mimi sina uwezo huo. Na siwezi kuandika mchimba choo. Watairudisha."

"Niandike mimi," mama akasema.

"Wewe, mama? Niseme wewe ni nani?"

"Andika Ndila. Mama ya Mbaluka."

Jeconia alimtazama. Jina la Mbaluka alilijua. Yeye ndiye aliyeliandika mwaka uliotangulia, kwa mkono wake, katika orodha ya waliokufa kwa ugonjwa wa tumbo. Akaweka fomu kwenye goti, akafungua kalamu, akaliandika tena.