Pikapu ya Baba Isishike Kutu

Juzi mjukuu wangu kaleta gari bovu uani. Kalinunua kwa mtu wa Mvumi, na hata hajaliosha vizuri, tayari ana kopo la rangi mkononi. Nikamwuliza, "Na kutu iliyo chini utaipeleka wapi?" Akacheka. "Bibi, rangi inafunika." Nikamnyang'anya brashi. Sababu sikumwambia. Wewe nitakwambia, maana tumekula chumvi pamoja.

Unaikumbuka ile miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na khanga, kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Sisi tulikuwa Kongwa. Baba alikuwa na pikapu ya buluu, akipeleka karanga Dodoma mjini. Injini ilipokufa akasema anakwenda Dar es Salaam kutafuta kifaa. Asubuhi ya kuondoka alinishika bega.

"Mama, usiiache ishike kutu. Na mtu asiipake rangi. Gari likipakwa rangi mpya, mnunuzi anajua kuna kitu kimefichwa."

Nilikuwa darasa la nne, na shule yangu haikwenda mbali zaidi ya hapo. Lakini maneno yale niliyashika. Nilijiambia, akirudi akaikuta kama alivyoiacha, hataondoka tena.

Bibi mzaa baba hakujua lolote la magari. Alijua ngozi za ng'ombe, na kwake chuma kilikuwa ngozi tu: kikiachwa kikavu kinapasuka, kikiachwa kibichi kinaoza. Alikaanga mbegu za nyonyo, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta yakaelea. Harufu yake nzito ilitufuata mpaka kwenye ugali. Mimi kila Jumamosi nilitambaa chini ya pikapu na kitambaa. Kwanza nikwangue tope lililoganda juu ya magurudumu, nizibue kwa njiti ya ufagio vile vitundu vya chini ya milango ili maji ya mvua yatoke, ndipo nipake mafuta.

"Umekausha?" Bibi aliuliza kila mara. "Ukipaka mafuta juu ya maji umemfungia mwizi ndani."

Juu kwenye rangi hatukupaka mafuta, kwa sababu vumbi la kwetu lingenata na kukwaruza. Huko tulipaka nta tuliyopata kwa warina asali. Tuliilainisha juani, tukaisugua kwa kipande cha khanga kuukuu mpaka nikaona meno yangu kwenye mlango. Mbuzi akikwaruza kwa pembe, nilisugua pale kwa majivu laini, nikafuta, nikaziba kwa nta siku hiyohiyo.

Lakini kabla ya nta lazima uoshe, na kisima kilikuwa mbali. Jirani yetu alisimama kwenye ua wa miiba akapiga kelele, "Watoto wa watu wana ukurutu, nyie mnaogesha bati!"

Bibi hakugeuka. "Wewe unaoga kila siku, mbona hung'ai?"

Nilicheka peke yangu chini ya gari. Watoto wengine walikuwa wakicheza rede, nikiwasikia wanavyogombana. Hawakuniita tena, walishazoea kwamba siji.

Bibi akafa. Nikaendelea mwenyewe, mafuta yangu yakiungua nusu. Mama alikuwa ameacha kulitaja jina la baba. Siku moja akaleta mnunuzi, nami nikaingia kwenye pikapu nikajifungia.

"Shuka!"

"Ni ya baba."

"Haya, kaa humo mpaka uote mizizi."

Mnunuzi akachoka kungoja akaenda zake. Mle ndani kulikuwa na joto na harufu ya karanga za zamani. Nilishika usukani, nikalia mpaka nikalala. Mama hakuleta mnunuzi mwingine. Alipopita karibu aliangalia pembeni.

Baba alirudi kiangazi, nimeshaota matiti. Alikuja na gari jeupe kutoka Japani, lile ambalo wakati huo kila aliyefanikiwa alikuwa nalo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuwa." Macho yake yakapita juu ya kichwa changu. Akaizunguka pikapu, akapitisha kiganja kwenye boneti. "Nani kaipaka rangi hii?"

"Haijapakwa," mama akasema. "Muulize mwanao."

"Acheni utani. Gari la miaka yote hii?"

Nikasema, "Baba, ni ileile." Akatoa ufunguo wa gari lake jipya, akauburuza mlangoni kwa nguvu, mstari mrefu kama wa mwiba. Akainama kutazama. Chini ya buluu hakukuwa na buluu nyingine, wala kutu. Ilikuwa rangi ya kiwandani, na chuma kisafi kinang'aa.

"Kumbe," akasema. Akajipangusa vidole. "Basi itapata bei nzuri."

Jioni nilichukua nta nikazibe ule mkwaruzo. Nikafika, nikaukodolea macho, nikarudi ndani bila kuugusa. Wiki haikuisha, mtu wa Kondoa akaja kuivuta. Baba naye akaondoka na gari lake jeupe.

Watu wakitaja miaka ile huzungumzia bidhaa zilivyojaa madukani. Mimi nakumbuka Jumamosi iliyofuata. Nimeamka mapema, nimefunga khanga kiunoni, nimesimama uani, nami sina pa kuipeleka mikono yangu.