Fundi Cherehani na Ukurasa wa Pendulamu

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa fundi cherehani kabla hajaingia chuo cha ualimu, na ufundi ulimkaa mwilini. Akikosea mshono anaufumua, anapiga pasi, na hata umulike tochi huoni kitu. Kwenye nguo sina neno naye. Lakini alitaka kufumua na fizikia, na hapo ndipo aliponipandisha hasira.

Maabara aliandika vipimo kwenye vikaratasi, akirudi nyumbani ananakili kwenye daftari kwa mwandiko wa kupendeza. Ukurasa wenye kosa aliukata kwa wembe. Siku moja mwalimu wa maabara akalifungua daftari lile, akatikisa kichwa.

"Mama, hili ni daftari au kadi ya harusi? Humu hakuna aliyewahi kukosea!"

Akampa jipya na masharti yake: andika palepale, kwa wino, ukikosea piga mstari mmoja, namba ibaki inasomeka, taja kila kifaa na hali yake. Akikata ukurasa tena, anarudia mwaka. Na akirudia mwaka, umri wa kuajiriwa ualimu utakuwa umempita. Nyumbani tulijua hilo sote, kaka hata hamu ya kula ilimwisha.

Jaribio la mwisho lilikuwa la pendulamu, kizito kinachoning'inia kwenye uzi: unapima urefu wa uzi na muda wa kubembea, kisha unakokotoa mvutano wa dunia. Alirudi uso umemshuka. Jibu lake lilizidi lile la kitabuni, na kwa uzi mfupi lilizidi mno. Nikamkuta mezani, wembe mkononi.

"Naukata huu, wifi. Nani atajua?"

"Kata," nikamwambia, nimeshachoka naye. "Ukirudi kwenye cherehani usije kunililia mimi."

Akanuna. Ila wembe akaurudisha kabatini.

Kesho yake, kama alivyonisimulia mwenyewe, aliufungua ukurasa mbele ya mwalimu huku kaufunika kwa kiganja.

"Toa mkono, mama."

Juu kabisa, penye vifaa, alikuwa ameandika: futi yangu ya kushonea, ncha imekatika.

"Imekatika kiasi gani?"

"Sentimita mbili. Nikipima nguo huwa nazitoa kichwani, hata sifikirii."

"Na jana ulizitoa?"

Wifi akajishika mdomo. Kwa woga wa maabara alikuwa amesoma futi kama ilivyo, na kila uzi ukaongezewa sentimita mbili ambazo hazikuwepo. Akapiga mstari mmoja juu ya kila namba, akaandika iliyo sahihi pembeni, akakokotoa upya. Jibu likakaa mahali pake. Mwalimu akatia saini: amefaulu.

Jioni alimfungulia kaka ukurasa uleule mezani. "Nilikosea hapa," akamwonyesha kwa kidole, "na hapa, na hapa." Tangu aolewe kwetu sijawahi kumsikia akitamka maneno hayo. Kaka alisoma mistari yote, mmoja mmoja, kisha akaomba chakula.