Nguo za Mkalimani

Soila alizaliwa Mwarusha, lakini Kiswahili alikijua vizuri kumpita karani wa boma. Katika ile njaa iliyofuata kufa kwa ng'ombe, wapita njia walimchukua hadi Pangani, akalelewa na mwanamke Mwislamu aitwaye Tunu. Alipokuwa mtu mzima Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma Arusha, ndipo Tunu alipopanda na msafara kuja kufanya biashara huko. Soila akafuatana naye, akaenda kuishi kwa kaka yake, Lerionka, na kuvaa ngozi kama wanawake wa kwao.

Bwana Shauri, Mjerumani aliyesikiliza kesi bomani, alihitaji mtu wa kukalimani kesi za wanawake, na Tunu akampelekea jina la Soila. Siku ya kwanza alikwenda na ngozi yake. Karani alimpita mara mbili akimdhani mshitaki, kisha akamwonyesha pa kukaa, chini, karibu na mlango. Alipoanza kusema, watu waligeuka kutafuta sauti ile inatoka wapi. Soila akababaika, maneno aliyoyajua tangu utoto yakampotea.

Tunu akampa doti ya kanga. Shauri lililofuata aliletewa kigoda, karani akamwita Bibi, na sauti yake ikatoka bila kukwama.

Ikaendelea hivyo mpaka alipokuja Sinyati, mjane kutoka kijiji cha Sakina, ambaye shamba lake la maharage lilikuwa limekanyagwa na maksai wa mzungu mmoja mwenye magari ya kukokotwa. Soila alimwamkia kwa Kimaa, lugha ya kwao, "Yeyo, takwenya." Sinyati aliitazama kanga kuanzia juu hadi chini, asiitikie.

"Wewe ni wa watu gani?" aliuliza mwishowe.

Soila akamtajia baba yake na ukoo wake. Mama yule akasema watu wa pwani hujifunza majina pia, na kwamba hatayatoa maneno yake yapite kinywani mwa mtu asiyemjua. Bwana Shauri akachoka kusubiri, akaahirisha hadi kesho yake.

Jioni ile Soila hakutulia. Alikwenda kwa Tunu, akarudi kwa kaka yake, akazitandaza nguo, akazikunja. Tunu alimwambia akivua kanga watamrudisha chini mlangoni. Lerionka alisema akiivaa yule mama hatafungua kinywa. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililomsumbua.

Asubuhi alivaa ngozi na mapambo ya masikio ya marehemu mama yake. Askari wa langoni akamzuia, akamwamuru asubiri na wengine. Kupitia mlango ulio wazi alimwona Sinyati amesimama peke yake mbele ya meza, na karani akijaribu Kimaa chake kibovu. Akapaza sauti kwa Kiswahili, "Mwambieni Bwana Shauri mkalimani wake yuko hapa nje, amezuiwa kwa sababu ya ngozi."

Akaitwa ndani. Kigoda hakukipata. Alisimama ubavuni mwa Sinyati, sauti ikitetemeka mwanzoni, na yule mama akaanza kueleza, polepole, mistari mingapi ya maharage, maksai wangapi, nani aliona. Bwana Shauri akatuma askari wawili kwenda kulitazama shamba, na baada ya siku chache mzungu yule akaamriwa kumpa mjane mahindi ya kumfikisha msimu ujao.

Walipokuwa wakitoka, karani alimwambia Soila kwamba Bwana Shauri hapendi kumwona tena katika hali ile.

Kazi aliendelea nayo miaka minne. Lakini hakuna asubuhi ya shauri aliyovaa bila kufikiri nani atakuwa amesimama mbele ya meza ile. Wiki moja tu baada ya kesi ya Sinyati alitoka na kanga, akafika mtoni, akageuka nyumbani kubadilisha, akasimama njiani, akageuka tena. Alifika boma amechelewa, kanga mwilini, miguu imelowa umande, na mbele ya meza mwanamke asiyemjua alikuwa tayari amekwisha kuanza kulia, bila mtu wa kumkalimania.